Jinsi ya kufanya mradi wa timu yenye fani tofauti ukiwa ndo unaanza uhandisi

Kama ndo umeingia uhandisi na umewekwa kwenye timu yenye mtu wa umeme, mtu wa mekanika, mtu wa sivili, mtu wa kompyuta na pengine mtu wa kilimo au wa afya ambaye hajawahi kushika bisibisi, mwongozo huu ni wa kwako. Nimeupanga kwa hatua ila hatua hazina uzito sawa, zingine mtazimaliza kwa kikao kimoja na zingine zitakula wiki nzima, na ntakuwa nasema ni zipi.

Ninachoamini nakisema mapema kabisa. Miradi ya aina hii mara nyingi haifi kwa sababu kuna mtu hajui kazi yake. Mtu wa umeme atahangaika mpaka taa yake iwake, mtu wa kompyuta programu yake itakimbia vizuri tu kwenye laptopu, wa mekanika boksi lake litatoka safi, alafu siku ya kuunganisha hakuna kinachofanya kazi na kila mmoja anaapa kwamba upande wake uko sawa, na kweli uko sawa. Mradi unafia kwenye maungio, pale kazi ya mmoja inapogusana na kazi ya mwingine, kwa sababu pale hapana mwenyewe, kila mtu anadhani mwenzake anapaangalia. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini inarudi kwenye maungio.

Ntatumia mfano mmoja ili tusiongee hewani: kifaa kidogo cha kumwagilia mimea chenyewe. Kina ndoo ya maji, pampu ndogo ya kuzama, sensa ya unyevu wa udongo, bodi ya maikrokontrola (kikompyuta kidogo kinachoendesha kifaa), betri, na mipira ya kupeleka maji kwenye vyungu 6. Kinaonekana rahisi ila ndani yake kuna maji, umeme, programu, umbo na uhai wa mmea, na vyote vinagombana.

Hatua ya 1: Jueni nani anaweza nini wiki hii

Kikao cha kwanza watu huwa wanataja jina na kozi, inaishia hapo. Haitoshi. Mwaka wa kwanza kozi haikwambii kitu, mtu anaweza kuwa wa kompyuta na hajaandika programu hata moja, na wa sivili akawa alishakaa karakana akajua kulehemu kuliko wote. Muulizane maswali ya kazi: ushawahi kutengeneza nini kwa mikono yako, una vifaa gani, siku gani huna nafasi kabisa, na kitu gani unataka kujifunza kwenye mradi huu. Hilo la mwisho msilipite haraka, maana ndo litakaloamua kama mtu atajituma au atabaki kusubiri kuambiwa.

Kama mmeachiwa mchague ukubwa wa timu wenyewe, chukueni watu 4 au 5, wasizidi 6. Hesabu yake iko hivi: kwenye timu ya watu 5 kuna jozi 10 za watu wanaotakiwa kuelewana, kwenye timu ya watu 8 jozi zinakuwa 28. Watu hawajaongezeka hata mara mbili ila maelewano yanayohitajika yamekaribia mara tatu, na nyie bado hamna uzoefu wa kuyabeba.

Mtu asiye wa uhandisi msimpe kazi ya kuandika ripoti tu. Hili linaniuma kila nikiliona. Mtu wa kilimo kwenye mradi wa umwagiliaji ndo pekee anayejua kwamba udongo wa juu unaweza kuwa mkavu huku mizizi inaogelea, na kama hamjamsikiliza mapema mtaiweka sensa juu juu na kifaa chenu kitaua mimea kwa ustadi mkubwa.

Hatua ya 2: Andikeni tatizo, alafu liwekeeni namba

Timu nyingi zinaanza na jibu. Utasikia "sisi tunatengeneza kitu cha Arduino chenye ujumbe wa simu" (Arduino ni aina ya bodi za maikrokontrola), sasa tatizo liko wapi hapo? Andikeni sentensi moja inayosema nani ana shida gani, bila kutaja kifaa chochote. Kwa mfano wetu: mtu anayesafiri wiki moja anataka mimea yake 6 ya vyungu isife na isioze.

Alafu ndo namba. Mtu wa kilimo anasema kila chungu kipate kama mililita 200 kwa siku. Vyungu 6 kwa siku 7 ni lita 8.4. Kumbe ndoo ya lita 10 inatosha na inabaki kidogo. Hapo hapo mtu wa mekanika anajua kwamba stendi yake itabeba zaidi ya kilo 10 maana lita moja ya maji ni kilo moja, na mtu wa umeme anajua kifaa kitakaa saa 168 bila kuguswa. Akipiga hesabu kwamba bodi inakula wastani wa miliampia 60, anapata 60 mara 168, yaani zaidi ya miliampia-saa 10,000 (hicho ndo kipimo cha umeme betri inachobeba), wakati betri aliyokuwa anaifikiria ni ya 2000 ambayo itazima kabla siku ya pili haijaisha. Kwa hiyo anamgeukia mtu wa programu, bodi inabidi ilale, iamke mara moja moja ipime udongo kisha ilale tena. Ona hapo, namba moja kutoka kwa mtu wa kilimo imefika hadi kwenye programu kabla hamjanunua hata waya. Ndo maana nasema msiende hatua ya tatu bila namba.

Namba mtakazoweka ziwe zinapimika. "Kifaa kiwe imara" haipimiki. "Kisimame na ndoo imejaa hata stendi ikiinama kidogo kwa upande" unaweza kukaa ukajaribu. Orodha yenu isizidi mambo 7 au 8, na kila jambo muandike mtalipima vipi.

Hatua ya 3: Karatasi ya maungio

Hapa ndo kaeni sana. Chukueni karatasi kubwa, choreni kila sehemu ya kifaa kama kiboksi: ndoo, pampu, mipira, sensa, bodi, betri, boksi la nje, programu. Sasa choreni mstari popote ambapo vitu viwili vinagusana, na juu ya kila mstari muandike ni nini kinachopita hapo. Maji? Kiasi gani kwa dakika? Umeme? Volti ngapi na miliampia ngapi? Taarifa? Inaenda kama namba ya ngapi hadi ngapi na maana yake nini? Nguvu au uzito? Kilo ngapi? Au ni umbo tu, yaani tundu la kipenyo gani linapokea skrubu ya ukubwa gani?

Alafu kila mstari upewe majina mawili, mmoja wa kila upande. Sio jina moja. Wawili hao ndo wanaokaa pamoja wakakubaliana, wanaandika, na kama mmoja anataka kubadilisha lazima mwenzake ajue kabla.

Ntakuonyesha kwanini vipimo viandikwe pamoja na yuniti zake. Chombo cha NASA, shirika la anga la Marekani, kinaitwa Mars Climate Orbiter kilirushwa Desemba 1998, kikapotea tarehe 23 Septemba 1999 kilipofika Mars. Programu iliyokuwa inatumika huku duniani, iliyotoka kwa kampuni iliyokijenga ilikuwa inatoa msukumo wa injini kwa paundi-sekunde, na waliokuwa wanapokea wakawa wanasoma kama ni nyutoni-sekunde. Paundi moja ya nguvu ni kama nyutoni 4.45, kwa hiyo hesabu ya njia ikakosewa kidogo kidogo kwa miezi, chombo kikapita karibu mno na sayari. Kila upande ulikuwa na wataalamu hasa. Kilichokosekana kilikuwa kwenye mstari unaounganisha vile viboksi viwili.

Mfano mwingine ni wa ndege ya Airbus A380. Mwaka 2006 ilichelewa vibaya, na sababu kubwa ilikuwa nyaya. Ndege ile ina nyaya zaidi ya kilomita 500, na timu za nchi tofauti zilikuwa zinatumia matoleo tofauti ya programu ile ile ya kuchorea. Vipande vilipofika sehemu ya kuunganishia nyaya zikawa hazifiki. Kwenu nyie itakuwa mmoja anachora kwenye toleo jipya mwingine la zamani, au mmoja anatuma faili kwa milimita mwingine analifungua kwa inchi. Kwa hiyo kwenye karatasi hiyo hiyo muandike pia: programu gani mnachorea, toleo lipi, yuniti zipi, na mafaili yanakaa folda gani. Moja tu.

Kwa kifaa chetu mistari ya kuangalia kwa makini ni hii. Kati ya sensa na programu: bodi ya Arduino Uno inasoma kuanzia 0 hadi 1023, ESP32 ambayo ni bodi nyingine inasoma 0 hadi 4095, kwa hiyo mkibadilisha bodi katikati ya mradi namba zote za kwenye programu zinakuwa hazina maana. Na sensa nyingi za unyevu za aina ya kapasita zinapanda namba udongo ukikauka, zinashuka ukilowa. Mtu wa programu asiyeambiwa ataandika kinyume, na kifaa kitamwagilia chungu kilicholowa. Kati ya bodi na pampu: pini ya Uno (mguu wa bodi unaounganishwa waya) inashauriwa isitoe zaidi ya miliampia 20, na 40 ndo mwisho wa uvumilivu wake, wakati pampu hata ile ndogo inakula mamia ya miliampia. Kwa hiyo lazima kuwe na transista au relei katikati, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo wa bodi, na mtu wa boksi lazima ajue kwamba kuna kitu kingine cha kuwekea nafasi. Kati ya boksi na kila kitu: waya unatoka wapi, una kichwa cha ukubwa gani, na utachomolewaje bila kufungua boksi lote.

Mkikosa karatasi hii mtaiandika tu baadaye kwa ugomvi. Bora muiandike sasa.

Hatua ya 4: Chagueni wazo

Hii isiwachukue muda. Kila mtu aje na mawazo yake ameshayachora kabla ya kikao, maana mkianza kufikiria mkiwa wote, anayeongea sana ndo atashinda hata kama wazo lake ni dhaifu. Wekeni mawazo matatu au manne kwenye jedwali, vigezo upande mmoja: kinafikia namba zetu, vifaa vinapatikana, tunaweza kukitengeneza kwa muda tulionao, kina maungio mangapi. Peaneni alama. Kama mawazo mawili yamefungana chukueni lenye maungio machache, hata kama haling'ai.

Hatua ya 5: Gaweni kazi, na kila kazi iwe na msaidizi wa fani nyingine

Kila sehemu iwe na mtu mmoja anayeibeba, ila msaidizi wake atoke fani tofauti. Mtu wa sivili amsaidie wa programu, wa kompyuta amsaidie wa mekanika. Najua inaonekana ni kupoteza muda. Faida yake ni kwamba msaidizi anauliza maswali ambayo mwenye fani hajiulizi, na mwenye kazi akiumwa mradi hausimami. Pia nyie ni wanafunzi, mkigawana kila mtu anachokijua tayari mtamaliza muhula mkiwa mnajua kile kile mlichokuja nacho.

Mtu mmoja abebe kazi ya kuunganisha. Yeye asipewe sehemu kubwa ya kutengeneza, kazi yake ni ile karatasi ya maungio, kuuliza kila mara "hii inaingiaje kwenye ile?" na kuhakikisha tarehe za kuunganisha zinafika. Sio lazima awe mwenyekiti wala mwenye sauti kubwa. Anahitaji kuwa mtu anayefuatilia.

Hatua ya 6: Unganisheni mapema kitu kibaya

Ratiba ya timu nyingi inakuwa hivi: wiki sita kila mtu atengeneze chake, wiki ya saba tuunganishe, ya nane tuwasilishe. Ratiba hiyo inaangusha watu kila muhula. Igeuzeni. Wiki ya pili au ya tatu muwe na kifaa kizima kilichounganishwa, kibaya kabisa, cha maboksi ya karatasi na gundi, bredibodi (ubao wa kuchomekea waya bila kulehemu) iko mezani, nyaya zimezagaa, na programu ya mistari michache inayowasha pampu sekunde 3 na kuzima. Sensa kama haijafika, mtu wa programu aweke namba ya kubuni mahali pake.

Kibaya hicho kitawaambia mambo ambayo mchoro hauwezi. Mtagundua kwamba mpira wa maji unajikunja pale kwenye kona, kwamba waya wa sensa ni mfupi, kwamba mtu akitaka kujaza ndoo lazima aitoe bodi kwanza. Mengine madogo kabisa lakini yakikutwa wiki ya saba ni msiba. Baada ya hapo kila wiki mnabadilisha kipande kibaya kwa kizuri, kimoja kimoja, na kila mkibadilisha kifaa kizima lazima kiendelee kufanya kazi. Kikigoma mnajua mkosaji ni kile kilichoingia mwisho.

Mkichapisha vipande kwa printa ya 3D kumbukeni plastiki haitoki sawasawa na mchoro. Vipande viwili vinavyoingiliana viachieni nafasi ya kama milimita 0.2 hadi 0.4, na tundu la skrubu ya milimita 3 msilichore milimita 3 kamili. Chapisheni kwanza kakipande kadogo ka kujaribia ndo mje kwenye boksi zima, maana boksi zima linaweza kuchukua saa nyingi na likikosewa siku imeenda.

Hatua ya 7: Kutafuta ubovu unaojificha katikati ya fani mbili

Hapa ndo timu za fani tofauti zinapogombana na hapa ndo zinapofundishana, kwa hiyo ntaeleza kwa urefu. Kanuni yangu ni moja: kifaa kikigoma, mtu asitaje nani amekosea mpaka kipimwe. Chukueni multimita (kifaa cha kupimia volti na mkondo) na mpime maungio kuanzia upande mmoja, mkifuata ile karatasi mstari kwa mstari.

Angalia hii. Programu imeamuru pampu izime, pampu imezima kweli, hata mlio umekata, lakini maji bado yanatoka mpaka ndoo inakaribia kuisha. Wote wanamwangalia mtu wa programu. Naye anasoma upya mistari yake usiku kucha, haoni kosa. Kosa halipo kwake. Maji ya ndoo yako juu kuliko mdomo wa mpira, na mpira ukishajaa maji yanajivuta yenyewe hata kama pampu haizunguki, maana pampu ndogo za aina hii hazina mlango wa kuzuia maji. Mtu wa sivili au mekanika akiwepo anaona hapo hapo. Dawa ni kuinua mdomo wa mpira uwe juu ya usawa wa maji, au kutoboa katundu kadogo ka hewa kwenye sehemu ya juu ya mpira, juu ya usawa wa maji, ili pampu ikizima hewa iingie na mvuto ukatike.

Nyingine: kila pampu ikiwaka bodi inajizima na kuanza upya. Kwenye skrini inaonekana kama programu imegoma. Mara nyingi ni umeme, pampu wakati wa kuanza kuzunguka inavuta mkondo mkubwa kuliko wa kawaida, volti za betri zinashuka kwa muda mfupi, bodi inakosa chakula inaanza upya. Ipeni pampu njia yake ya umeme kutoka kwenye betri isipitie kwenye bodi, wekeni kapasita kubwa karibu (inatunza umeme kidogo wa kuziba pengo hilo), na wekeni daiodi, kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kinyume kwenye ncha za pampu ili mshtuko wa umeme unaorudi ikizimwa usiue transista. Mkitenganisha vyanzo viwili vya umeme msisahau graundi (upande hasi wa kila chanzo) ziunganishwe pamoja, la sivyo ishara ya bodi haitaeleweka upande wa pili na mtazunguka siku nzima.

Kuna hii ya relei pia. Moduli nyingi za relei zinawaka zikipokea sifuri, zinazima zikipokea moja, kinyume na mtu anavyotegemea. Bodi ikiwashwa tu, kabla programu haijapanga pini, pampu inaweza kuruka ikamwaga maji mezani kwenye laptopu za watu. Mtu wa umeme aseme mapema relei yake ni ya aina gani, iandikwe kwenye karatasi, na majaribio ya kwanza yafanyike bila maji.

Na hii ndo inayonifurahisha kuliko zote maana inaonyesha kwanini fani lazima ziongee. Mmeshakubaliana bodi ilale ili betri idumu. Mtu mwingine ameona pawabenki ni rahisi kuliko betri na chaja yake, akaiweka. Bodi inalala vizuri, mkondo unashuka karibu na sifuri, na pawabenki nyingi zikiona mkondo mdogo hivo zinadhani simu imejaa, zinajizima. Bodi haiamki tena. Programu iko sawa, pawabenki iko sawa, mimea imekufa. Hakuna somo moja darasani litakalokufundisha hilo, linatokea pale wawili wasipokaa meza moja.

Maji yenyewe myapime kwa mikono: mpira uwe kwenye kimo kile kile kitakachotumika, pampu iwashwe dakika moja, maji yaingie kwenye chombo chenye alama, muandike. Msichukue namba ya kwenye kasha la pampu, ile ni ya pampu isiyopandisha maji popote. Kimo kikiongezeka maji yanapungua mpaka yanafika mahali hayatoki kabisa.

Usalama kidogo: umeme wa ukutani msiusogeze kwenye mradi wenye maji mwaka wa kwanza. Fanyeni kwa volti 12 kushuka chini, wekeni fyuzi kwenye betri, na bodi ikae juu ya usawa wa maji siku zote, ili kikivuja kivujie chini.

Hatua ya 8: Mabadiliko madogo yasipite kimya kimya

Tarehe 17 Julai 1981 kwenye hoteli ya Hyatt Regency, Kansas City nchini Marekani, madaraja ya ndani ya kupitia watu yalianguka wakafa watu 114. Mchoro wa mwanzo ulikuwa na fito ndefu za chuma zinazotoka darini, zinapita daraja la juu zinashika na la chini. Wakati wa utengenezaji zikabadilishwa ziwe fito mbili fupi badala ya moja ndefu, ili iwe rahisi kutengeneza. Kwa macho ni kitu kile kile. Ila sasa daraja la chini lilikuwa linaning'inia kwenye daraja la juu, na pale fito zinaposhika boriti ya juu mzigo ukawa mara mbili. Mabadiliko yalipita bila mtu kurudia hesabu.

Kifaa chenu hakitaua mtu, lakini tabia inaanzia hapa. Mtu akihamisha tundu milimita 10, akibadilisha pampu, akibadilisha pini namba 5 kuwa namba 6, aandike kwenye ile karatasi na amwambie yule mwenzake wa upande wa pili kwa jina. "Niliwaambia kwenye grupu" haihesabiki, kwenye grupu kuna meseji 200 na nusu ni stika.

Hatua ya 9: Vikao, meseji na kutoelewana

Kikao kimoja kwa wiki kinatosha, kiwe kifupi, na kifanyike kifaa kikiwa mezani. Kila mtu aonyeshe kitu kinachofanya kazi au kilichogoma, asisimulie. Mwishoni muandike maamuzi na sababu zake, kwa mistari miwili mitatu tu, kwa sababu baada ya mwezi hakuna atakayekumbuka kwanini mlikataa relei.

Mtu akitumia neno la fani yake, yeyote aliyepo amwambie alieleze kwa kuonyesha. Mtu wa mekanika akisema torki, achukue spana aonyeshe. Mtu wa kompyuta akisema kitanzi, achore mshale unaorudi. Msione aibu kuuliza, wote ni mwaka wa kwanza na nusu ya wanaotikisa kichwa hawajaelewa.

Mtagombana na ni kawaida. Mwanasaikolojia Bruce Tuckman mwaka 1965 alieleza kwamba makundi yanapitia kukusanyika, kuvurugana, kuzoeana, ndo yanachapa kazi, kwa hiyo mkivurugana wiki ya tatu msikimbilie kuvunja timu. Ugomvi wa kitaalamu umalizwe kwa jaribio: wawili wanabishana mpira wa kipenyo gani, kata vyote viwili, pima, namba iamue. Ugomvi wa mtu kutofanya kazi ni tofauti. Mwendeeni mapema, mmoja tu, kwa upole, mumuulize amekwama wapi, maana wengi wanaopotea hawana uvivu, walipewa kitu wasichokijua wakaona haya kusema. Mpeni kipande kidogo chenye mwisho unaoonekana na mtu wa kukaa naye. Akiendelea kupotea baada ya hapo mwambieni mwalimu mkiwa bado na muda, msingoje wiki ya mwisho.

Hatua ya 10: Ripoti na kuwasilisha

Ripoti ianze kuandikwa wiki ya pili. Ile sentensi ya tatizo, zile namba, ile karatasi ya maungio na yale maamuzi, tayari ni nusu ya ripoti. Kila namba mliyoahidi kwenye hatua ya 2 muweke na iliyopatikana pembeni, hata kama mmekosa. Mlisema mililita 200 mkapata 170, andikeni 170 na elezeni kwanini.

Siku ya kuwasilisha kila mtu aelezee sehemu ambayo hakuitengeneza yeye. Mtu wa programu aelezee maji, wa kilimo aelezee umeme. Fanyeni mazoezi hivo siku chache kabla, mtu akishindwa mtajua ni wapi timu bado haijaelewana, na bado kuna muda wa kukaa naye chini. Bebeni betri ya akiba, nyaya za akiba, na video ya kifaa kikifanya kazi. Kwenye chumba cha kuwasilishia fikeni mapema mkakiwashe pale pale, kikiwa na maji kamili, kwenye meza ile ile kitakaposimama.

Mkimaliza, kabla hamjagawana vifaa, wekeni kwenye folda moja michoro, programu, orodha ya vifaa na karatasi ya maungio ya mwisho, alafu mumpe mwanafunzi asiye wa timu yenu aangalie kama anaweza kukijenga upya bila kuwapigia simu. Pale atakapokwama, ongezeni maelezo, ndo mfunge folda.